Kamusi ya visawe ya shilingi 250 na neno moja lililoniharibia bango

Kamusi ninayoipitia hapa niliinunua mwezi wa Februari kwa muuza vitabu vikuukuu anayetandika turubai lake kando ya Barabara ya Oginga Odinga, mjini Kisumu. Ni kamusi ya visawe vya Kiingereza, ya kurasa 700 na ushei, isiyo na jalada la mbele wala kurasa mbili za mwanzo, na kwa sababu hiyo sina jina la mtungaji wala la mchapishaji la kuwapa. Muuzaji alianzia shilingi 400, akashuka hadi 300, na nilipougeuza mgongo wa kitabu ili aone jinsi gundi inavyoachia, akakubali 250. Nimeitumia karibu kila siku kwa miezi minane. Kamusi za aina hii hufanana sana, kwa hiyo nitakayoyasema yatamfaa hata atakayenunua nyingine yenye jalada zima.

Ni vyema nieleze kwanza ninaitumia kwa kazi gani, maana kamusi inayomfaa mwanafunzi huenda isimfae fundi. Nina kibanda cha kupanga na kuchapa maandishi karibu na Soko la Kibuye. Wateja wangu ni akina mama wa mitumba, mafundi wa jua kali, vyama vya akiba, makanisa, kamati za harusi na kamati za mazishi. Wengi huja wakizungumza Kiswahili au Dholuo, hunieleza wanachokitaka kwa lugha hizo, kisha husema, kana kwamba ni jambo dogo tu, niandike kwa Kiingereza. Imani iliyopo mjini ni kwamba bango la Kiingereza huonekana lina mtaji nyuma yake. Sina ugomvi na imani hiyo, kwani ndiyo inayonilipia kodi ya kibanda, lakini inanilazimu kushinda kutwa nikichagua maneno ya lugha niliyoikuta darasani, na kuyachagua huku mteja amesimama mbele yangu akitazama saa.

Kwa umbo, kamusi hii haina makuu. Vidahizo, yaani maneno yanayotafutiwa visawe, vimepangwa kwa alfabeti na kuchapwa kwa herufi nzito, visawe vinafuata vikitenganishwa kwa mkato, na fungu moja la maana linatenganishwa na jingine kwa nukta mkato. Mpangilio huu ni mwepesi kuliko ule wa Peter Mark Roget, daktari Mwingereza aliyetoa kamusi yake mashuhuri ya visawe mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 73. Roget aliyapanga maneno kwa kufuata mawazo, katika mafungu 1,000, na msomaji mwenye neno moja kichwani ilimbidi aanzie kwenye faharasa ya nyuma ndipo arudi ndani kutafuta fungu lake. Mpango wa Roget una uzuri wake kwa mtu mwenye jioni ndefu ya kusoma. Kwa mtu mwenye foleni ya wateja, alfabeti inatosha. Karatasi ni nyembamba lakini wino haupenyi upande wa pili, na herufi ni ndogo kiasi kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni huwa naisogeza karibu na taa.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niandike mapitio haya. Nilipokuwa na kamusi hii kwa takriban mwezi mmoja, alikuja mama mmoja anayeuza nguo za kike pale Kibuye, hasa siku za Jumapili ambapo soko hufurika hadi kando ya barabara kuu. Alitaka bango la mita mbili. Alisema, "Wuoda," yaani mwanangu, "andika nguo za wanawake, bei rahisi. Iandike kwa Kizungu." Sikufungua kitabu chochote, kwa kuwa neno lenyewe analijua hata mtoto wa darasa la tatu. Niliandika CHEAP LADIES CLOTHES, herufi nyekundu juu ya manjano, nikalichapa, nikalipwa.

Bango lile lilining'inia asubuhi moja tu. Kufikia saa tano mama alirudi akiwa amelikunja kwapani. Vijana wa boda boda walikuwa wakilisoma kwa sauti kila mteja alipoinama kuchagua nguo, na msichana mmoja wa chuo ndiye aliyemweleza kwa upole kwamba maandishi yanaweza kusomwa kuwa yanawasema wanawake, wala si nguo. Hakunifokea. Alilitandaza juu ya meza yangu, akaweka kidole juu ya neno la kwanza, akauliza, "Sasa hii ni mimi ama ni nguo?" Nilimchapia jingine bila malipo, na lile la kwanza hadi leo hufunika mashine yangu mvua inapopenya paani, upande wa maandishi ukiwa chini.

Makosa yangu yalikuwa mawili, na la kwanza ni la sarufi. Katika Kiingereza kivumishi hutangulia, na kikifuatwa na nomino mbili msomaji hana alama ya kumwonyesha kimeshikamana na ipi. Kiswahili kingeniokoa, kwa sababu mtu anaposema "nguo za wanawake za bei rahisi" ile "za" inarudi kwenye nguo moja kwa moja, na ili kuwatukana wanawake ingempasa aseme "wa bei rahisi", herufi tofauti kabisa, na asingeweza kusingizia bahati mbaya. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni la neno lenyewe. Hata kama ningelipanga vizuri, "cheap" lingebaki na harufu ambayo sikuifikiria nilipokuwa nikilichapa.

Hapo ndipo nilipofungua kamusi. Chini ya "cheap" nilihesabu visawe 31. Fungu la kwanza lina akina "inexpensive", "low-priced", "affordable", "economical" na "reasonable". La pili lina "shoddy", "inferior" na "tawdry", yaani vitu hafifu, duni, vya kung'aa juu na kuoza ndani. La tatu ni la tabia: "contemptible", "low", "mean". La nne ni la mtu asiyetoa pesa: "stingy", "miserly", "tight-fisted". Kati ya kusifu bei na kumtusi mtu pana nukta mkato tatu tu. Hakuna sentensi hata moja ya mfano, wala alama ya kuonya kwamba ukivuka nukta mkato ya kwanza umeingia kwenye matusi. Ni kama kupewa orodha ya wageni wa harusi bila kuambiwa nani na nani hawasemezani.

Kamusi haielezi pia neno hili lilifikaje hapo, na ingawa najua hiyo si kazi ya kamusi ya visawe, habari yenyewe inasaidia kuelewa kwa nini mafungu hayo manne yanalala kitanda kimoja. Katika Kiingereza cha kale, "ceap" lilikuwa nomino yenye maana ya biashara au ununuzi. Lina undugu na kitenzi cha Kijerumani "kaufen", kununua, na undugu huohuo umo ndani ya jina la Copenhagen, ambalo kwa lugha ya wenyewe ni København, bandari ya wafanyabiashara. London ina mtaa unaoitwa Cheapside, uliokuwa soko kubwa katika zama za kati, na vichochoro vyake vya Bread Street na Milk Street bado vina majina ya bidhaa zilizouzwa humo. Kwa hiyo jina la Cheapside halikuhusu unafuu wa bei. Lilimaanisha sokoni, vilevile kama mtu wa Kisumu anavyosema anaelekea Kibuye bila kudai kwamba kila kitu cha huko ni cha bei ya chini.

Watu wa enzi hizo waliponunua vizuri walisema wamepata "good cheap", yaani biashara njema. Kufikia karne ya 16 lile "good" lilikuwa limeanza kudondoka, na "cheap" likabaki peke yake likifanya kazi ya kivumishi: kitu cha bei ndogo. Haikuchukua muda mrefu kabla ya kitu cha bei ndogo kuanza kudhaniwa kuwa kitu cha thamani ndogo, na kutoka kwenye vitu dharau ikahamia kwa watu na matendo yao. Tangu hapo neno lina nyuso mbili. Ukimwambia mtu kwamba tiketi ya basi la Nairobi ilikuwa "cheap", atakuuliza uliinunua wapi. Ukimwambia suti yake inaonekana "cheap", hutakaribishwa chai.

Nisionekane nikiinyoshea kidole lugha ya watu. "Rahisi" tulilichukua kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kitu cha bei ndogo. Ile maana ya jambo lisilo gumu tunayoitumia tukisema mtihani ulikuwa rahisi imekuja kujengeka kwetu. Nasi pia tumelisukuma neno hadi kwenye dharau, kwa sababu mama akimwambia binti yake asijirahisishe, hazungumzii bei wala wepesi wa hesabu. Tofauti ni kwamba Kiswahili kina "nafuu" la kutukimbiza. Ni neno la mgonjwa anayeanza kuketi na kuomba uji, na likiambatana na bei linaleta hisia ileile ya mwili kupumzika. Nimelitafuta neno la Kiingereza linalobeba bei na afueni kwa pamoja namna hiyo, na kwa miezi minane kamusi yangu haijanionyesha.

Nirudi kwenye fungu la kwanza, maana ndilo linaloninunulia unga. "Inexpensive" ni neno la adabu. Linasema bei ni ndogo bila kudokeza kwamba kuna kasoro mahali, na kwa sababu hiyo hupendwa na vijitabu vya hoteli na waandishi wa safari. Lakini ni refu, halipigi kelele, na sokoni bango lisilopiga kelele ni nguo tu iliyokosa mnunuzi. "Reasonable" huandamana na bei au masharti, na lina sauti ya mtu aliyeketi chini akapima mambo. Mteja anayelisoma huelewa kwamba bei si ya chini sana bali ni ya haki. "Budget" hupenda hoteli, safari na ndege. "Low-cost" ni la ofisini, la watu wa miradi, na sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa mchuuzi. Haya yote kamusi imeyapanga kwa mkato kana kwamba unaweza kuchomoa moja na kuchomeka jingine, na mtu akifanya hivyo ataandika Kiingereza ambacho kila neno lake ni sahihi na sentensi nzima ni kiwete.

Neno "affordable" linastahili aya yake, hasa kwa anayeandikia wasomaji wa Kenya. Kwa maana yake ya asili linaangalia mfuko wa mnunuzi zaidi ya kitu chenyewe: kitu ni "affordable" ikiwa huyu anayekusudiwa anaweza kukilipia bila kuumia. Ndiyo maana nyumba ya mamilioni inaweza kuitwa hivyo na asiwepo wa kusema uongo umetamkwa, mradi haisemwi ni "affordable" kwa nani. Hapa kwetu neno limepata ladha nyingine tangu mpango wa nyumba za serikali, unaoitwa "Affordable Housing", uanze kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa mwajiriwa, mwajiri naye akiongeza kiasi kilekile. Nilipompendekezea yule mama neno hili kwa bango lake la pili, alilisoma polepole kisha akacheka, akauliza kama naye sasa anauza nyumba. Mteja wangu mwingine, mwalimu, aliniambia kila akiliona neno hilo huikumbuka hati yake ya malipo. Hakuna kamusi iliyochapwa ng'ambo inayoweza kujua jambo kama hilo, na siilaumu hii kwa kutolijua, ila anayeuza nguo Kibuye ni lazima alijue.

Basi bango la pili liliandikwaje? LADIES' CLOTHES, mstari wa kwanza. LOW PRICES, mstari wa pili, kwa herufi kubwa zaidi. Suluhisho hilo halikuwa chini ya "cheap" hata kidogo. Kilichokuwapo ni "low-priced", kivumishi kinachobandikwa kwenye nguo zenyewe na kuzirudisha kwenye hatari ileile. Nililolifanya ni kuacha kuzisifu nguo na kuzungumzia bei, maana bei ikiitwa ndogo haitukanwi. Walimu wa Kiingereza waliotufundisha walisisitiza kwamba bidhaa ndiyo huwa "cheap" na bei huwa "low", na ingawa mabango mengi ya mjini yanasema "cheap prices" na watu wanaelewa, nadhani walimu walikuwa wameona mbali. Wakati mwingine kisawe kinachotafutwa si neno bali ni sentensi iliyojengwa upya, na hilo ndilo pengo kubwa la vitabu vya namna hii.

Pamoja na hayo, kuna siku kamusi ililipa gharama yake yote kwa neno moja. Fundi wa majiko alikuja akitaka kijikaratasi cha kugawa sokoni. Majiko yake ni yale ya bati yenye ganda la udongo ndani, yaliyobanwa kiunoni, ambayo yameenea nchini tangu miaka ya 1980. Naye alitaka "cheap". Nilimuuliza bei, akataja bei iliyozidi ile ya jiko la bati tupu kwa mbali, na alipoona nimenyamaza akajitetea: jiko lake linakula makaa kidogo, kwa hiyo mwenye nyumba atairudisha pesa yake polepole. Nilifungua kamusi na jicho langu likaangukia "economical". Hilo ndilo neno la kitu kisichopoteza: gari linalokunywa mafuta kidogo, sabuni inayodumu, jiko linalopika githeri kwa makaa ya kopo moja. Halisemi lolote kuhusu bei ya siku ya kwanza. Fundi aliuza kitu ghali chenye matumizi madogo, na nusura nimwandikie kinyume chake mara mbili: angesemwa ana bei ndogo, na angesemwa ana bidhaa hafifu. Ninakiri kwamba neno hilo nilikuwa nikilijua tangu shuleni. Sikulifikiria tu, na kazi nzuri zaidi ya kamusi hii ni hiyo ya kukuletea mkononi neno ulilokuwa umelisahau kichwani.

Kwa asiyelijua neno, hata hivyo, kitabu hiki kinaweza kumwumiza. Binti wa jirani yangu, aliye katika kidato cha tatu, aliazima kamusi hii akiandika insha kuhusu nyanya yake, mwanamke aliyesomesha watoto sita kwa kuuza omena na hakuwahi kutupa hata kamba ya gunia. Alitaka neno la kusema nyanya yake alikuwa mwekevu. Alikuwa ameandika "cheap", akahisi halitoshi, akaliacha na kuchukua "stingy" kutoka fungu la nne kwa kuwa lilionekana la kisomi zaidi. Nilimkuta ameshalinakili kwa kalamu ya wino. Kwa Kiswahili angekuwa amesema bibi yake ana mkono wa birika. Wema aliokuwa akiutafuta uko chini ya vidahizo vingine, "thrifty" na "frugal". La kwanza ni sifa tupu, mtu anayejua kuweka akiba na kutumia vyema alicho nacho. La pili ni la kuishi kwa kidogo, na mara nyingi ni sifa pia, ila lina baridi kidogo ndani yake. Chini ya "cheap" hayapo yote mawili, na ni sawa yasiwepo, kwani Mmarekani akimwita mtu "cheap" hamaanishi uwekevu bali ubahili. Mwingereza naye angesema "mean", neno ambalo kwa Mmarekani ni ukatili wa roho. Binti alisikiliza yote hayo, akachukua karatasi nyingine na kuanza upya.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba kamusi hii inachanganya maneno ya kanisani na ya vilabuni bila kuyatenga. Chini ya "die" utakuta "pass away" na "kick the bucket" bega kwa bega. Mimi hupanga vijitabu vya mazishi karibu kila wiki, na ninashukuru kwamba nahau hiyo ya pili nilikuwa nimeshaisikia kabla sijaikuta humo.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie simu, ambayo haigharimu ila bando. Ninaitumia. Simu hutoa visawe vingi zaidi na kwa haraka zaidi, lakini nayo huvimwaga bila mifano vilevile, na mara nyingi huvichanganya hata zaidi. Kitabu kina faida moja ambayo sikuitarajia: pambizo. Kwenye ukurasa wa "cheap" nimeandika kwa penseli, pembeni mwa "economical", neno "jiko". Pembeni mwa "affordable" nimeandika "nyumba". Na juu ya fungu la nne nimechora fuvu. Aliyekuwa na kitabu kabla yangu alipigia mstari maneno mengi ya herufi ya A, machache ya B, kisha akachoka.

Kama ningeombwa na mfanyabiashara wa Kisumu au Nakuru nimshauri, ningemwambia asianze na kamusi ya visawe. Anunue kwanza kamusi ya wanaojifunza lugha, ile yenye sentensi za mfano na alama zinazoonyesha lipi ni neno la heshima, lipi la mtaani na lipi la matusi. Baada ya hapo hii itamfaa kama msaidizi. Kwa shilingi 250 sijapunjwa. Kwa nakala mpya ya kitabu cha aina hii niliyoonyeshwa dukani kwa zaidi ya 1,000, ningejihisi nimepunjwa, kwa sababu yaliyomo ni yaleyale na jalada haliongezi mfano hata mmoja. Muuzaji wangu wa barabarani namsifu bila shaka: hakuficha kwamba kurasa zimetoka, aliniacha nisome kwa robo saa nikiwa nimechuchumaa, na aliifunga kamusi kwa gazeti kwa sababu mawingu yalikuwa yakitanda upande wa ziwa.

Wiki iliyopita nilipita kwake tena nikamkuta na kamusi ya wanaojifunza lugha, yenye mifano kila kidahizo na jalada zima. Alitaka 600, nikampa 500. Nilimuuliza angenipunguzia kiasi gani zaidi iwapo ningemrudishia ile kuukuu niliyokuwa nayo mfukoni. Aliipima uzito kwa mkono, akafungua ukurasa wenye penseli yangu, akalitazama lile fuvu kwa muda, kisha akasema 50. Nikaondoka nazo zote mbili.